Je, Mwenye Njaa Anaweza Kufunga?

 

Wakati wa Kwaresima nina desturi ya kuandika tafakari fupi kila siku katika daftari la shule, nikifuata masomo ya Biblia ya siku hiyo. Kwa kawaida daftari hubaki nyumbani. Lakini tafakari za Kwaresima ya mwaka 2026 wazee wa kanisa wameniomba nizitoe katika jarida letu, kwa sababu zilianza na swali ambalo mimi mchungaji wenu sikuweza kulijibu siku lilipoulizwa.

Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari. Nilitangaza mfungo kama nilivyofundishwa katika chuo cha Biblia: siku 40, bila kuhesabu Jumapili, tule mara moja tu, jioni, na kile tulichoacha kula mchana tuwape maskini. Baada ya ibada mama mmoja alinisubiri mlangoni, mtoto mgongoni, majivu bado kwenye kipaji cha uso. Akaniambia, "Pasta, sisi kula mara moja tulianza tangu mwaka jana. Kwaresima yetu ilianza siku tulipotolewa kwenye orodha, na hakuna aliyetuambia Pasaka yake ni lini. Sasa tufunge nini?"

Nilimwambia nitamwombea. Akasema, "Asante, Pasta," akaenda zake. Nilibaki pale nikijua kwamba sikumjibu.

Kwa ajili ya ndugu wanaosoma jarida hili wakiwa mbali, wale waliohamishiwa Marekani, Kanada na kwingineko, nieleze kidogo. Sisi tuko Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Mwezi wa Aprili 2020 mgao wa chakula katika makazi ulipunguzwa hadi asilimia 70, na Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Julai 2023 wakimbizi tuligawanywa katika kategori tatu: wenye shida zaidi, wenye shida ya kadiri, na wale walioonekana kwamba wanaweza kujitegemea, ambao hawakupewa tena. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua sana, Mpango wa Chakula Duniani ulitangaza kwamba wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda wameondolewa kabisa kwenye msaada wa chakula. Nyumba ya mama yule ni mojawapo.

Hivyo basi swali lake halikuwa la ukaidi. Ni swali la kweli la imani: je, mtu mwenye njaa anaweza kufunga? Na kama hawezi, Kwaresima ni ya nani? Nilitembea na swali hilo siku nane, somo baada ya somo. Haya ndiyo niliyoandika.

JUMATANO YA MAJIVU (Mathayo 6:16-18)

Bwana Yesu anafundisha kwamba anayefunga asikunje uso ili watu wamwone, bali anawe na kujipaka mafuta. Nilipoyasoma maneno hayo jioni ile niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka yote ya kuhubiri. Bwana anasema na mtu mwenye mafuta ya kujipaka. Anasema na mtu anayeweza kula, lakini ameamua kutokula.

Mfungo una mambo mawili ndani yake: chakula kilichopo, na moyo unaokiacha kwa hiari. Ukiondoa mojawapo, kinachobaki kina jina lingine. Mimi niliyetangaza mfungo nilijua kwamba jioni kuna ugali na sombe nyumbani, kwa sababu mdogo wangu aliye ng'ambo alikuwa ametuma pesa kwa simu. Mimi nilikuwa nafunga. Mama yule hakuwa anafunga. Alikuwa na njaa.

Tukiita njaa mfungo tunakosa mara mbili. Kwanza, tunamsingizia Mungu, kana kwamba yeye ndiye aliyeondoa majina ya watoto kwenye orodha. Pili, tunawapa nafasi ya kulala usingizi mzuri wale wote wanaopaswa kujibu kwa ajili ya njaa hiyo, kuanzia wenye bunduki waliotufukuza kwetu hadi jirani mwenye gunia chini ya kitanda. Katika Kutoka sura ya 3, Mungu alipowatazama watu wake kule Misri hakusema kwamba ameuona mfungo wao. Alisema ameyaona mateso yao na kukisikia kilio chao. Basi na sisi tuliite jambo kwa jina lake.

Mtu aliyesoma Biblia atanipinga na kusema: mbona Kumbukumbu la Torati 8:3 inasema Mungu aliwaacha Waisraeli waone njaa jangwani? Ni kweli, imeandikwa. Lakini mstari huohuo hauishii kwenye njaa. Unaendelea na mana. Anayeutumia mstari huo kuhubiria wenye njaa ni lazima aje na nusu yake ya pili mkononi.

ALHAMISI (Kumbukumbu la Torati 30:15-20)

Musa anawawekea watu uzima na mauti, na kuwaambia wachague uzima. Niliwaza, anawaambia akina nani? Ni watu waliozaliwa na kukulia jangwani, waliolishwa kwa mgao kwa miaka 40. Hawakuchagua jangwa, wala hawakuchagua chakula chake. Hata hivyo Musa anawaambia: chagueni.

Mkimbizi ni mtu aliyechaguliwa mambo mengi na wengine. Nilipovuka mpaka wa Bunagana mwaka 2008, vita vilipokuwa Rutshuru, nilichagua jambo moja tu, nalo ni kukimbia. Tangu hapo wengine wamechagua kiwanja nitakachojenga, namba ya kadi yangu, kategori yangu, siku ya kupanga foleni. Kidogo kidogo mtu huanza kuamini kwamba hana la kuchagua tena, na kwa hiyo hana la kutoa, na hata la kutubu hana. Hii ni hatari kubwa kuliko tunavyofikiri. Mtu anayeaminishwa kwamba hana cha kumpa Mungu ameporwa mara ya pili, na safari hii ameporwa ndani.

Nikakumbuka vizuri maneno ya mama yule. Hakusema, "Pasta, nisamehe, mimi sifungi." Aliuliza, "Tufunge nini?" Hakuomba ruhusa ya kukaa nje ya Kwaresima. Aliomba kazi yake ndani yake. Kumjibu kwamba yeye amesamehewa tu kungekuwa namna nyingine ya kumtoa kwenye orodha.

IJUMAA (Isaya 58:1-9)

Sura hii naipenda, na siku hiyo ilinichoma. Watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga naye hakuona. Mungu anawajibu kwamba siku ya kufunga kwao wanafuata faida zao na kuwaonea wafanyakazi wao, na tena wanafunga huku wakigombana na kupigana ngumi. Kisha anawaeleza mfungo anaoupenda: kufungua vifungo vya uonevu, kumgawia mwenye njaa chakula, kumwingiza nyumbani maskini asiye na makao.

Sisi wakimbizi tukisoma hapo tunaitikia "Amina" kwa sauti kubwa, maana tunawajua waonevu wetu. Wako mbali, wana magari na majeshi. Lakini siku hiyo nilijilazimisha kuwatafuta karibu. Yuko anayenunua mahindi ya mwenzake yakiwa bado shambani, kwa nusu ya bei, kwa sababu anajua mtoto wa mwenzake anaumwa. Yuko anayekopesha na kushika kadi ya mtu kama rehani. Yuko anayewaita wajane wamlimie lejaleja tangu alfajiri, halafu anawaambia warudi wiki ijayo kuchukua pesa, ingawa Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa tajiri wake hadi asubuhi. Na baadhi ya hao, wapendwa, hukaa viti vya mbele katika kanisa letu na hutoa sadaka nzuri. Mimi nimeipokea sadaka hiyo na sikuuliza.

Hapo nilipata kipande cha kwanza cha jibu. Isaya hasemi kwamba chakula ndicho kitu cha kwanza cha kufunga. Anasema kuna kitu unachokishika kwa ngumi, na hicho ndicho Mungu anataka ukiachie. Kwa mmoja ni sahani. Kwa mwingine ni kadi ya jirani aliyoifungia sandukuni.

JUMAMOSI (Isaya 58:9-14)

Somo linaendelea, na nabii anataja kitu ambacho nilikuwa nakipita haraka: kunyosha kidole na kusema maovu.

Kabla ya kategori hatukuwa malaika, lakini tulipokea sawa na tulilalamika pamoja. Baada ya Julai 2023 vidole vilinyoshwa. "Yule mbona yumo kategori ya kwanza na ana kuku?" "Yule anajifanya mgonjwa." "Wale ni wa kabila fulani, wana ndugu yao ofisini." Watu waliovuka mpaka pamoja, waliofunikwa na turubai moja siku za kwanza, leo hawasalimiani kisimani. Kupungua kwa mgao kulipunguza unga katika nyumba zetu, lakini kuhesabiana sufuria tumekuanza wenyewe.

Sisemi kwamba hakuna makosa katika orodha. Yapo, na mwenye kuonewa ana haki ya kupeleka malalamiko yake mahali panapohusika, na kanisa limsindikize. Kudai haki si kunyosha kidole. Tofauti yake ni hii: anayedai haki huenda kwa mwenye orodha na kusema, "Nirudishe mimi." Anayenyosha kidole huenda kwa jirani na kusema, "Mtoeni yule."

JUMAPILI YA KWANZA (Mathayo 4:1-11)

Bwana Yesu amefunga siku 40, ana njaa, na mjaribu anamwambia ageuze mawe kuwa mikate. Anakataa, akijibu kwa lile neno kwamba mtu haishi kwa mkate pekee.

Hapa natakiwa kuungama. Miaka michache iliyopita mzee mmoja alinijia akiwa hajala siku mbili. Sikuwa na kitu mfukoni, na badala ya kumwambia hivyo, nilimwambia neno hili. Alinitazama, akainamisha kichwa, akasema "Amina." Ile amina yake bado naisikia.

Tazameni neno hili lilisemwa na nani, na kwa nani. Alilisema mwenye njaa, juu ya njaa yake mwenyewe, akimjibu Shetani. Tafuteni katika Injili zote nne. Hamtaona mahali Bwana alipowaambia watu wenye njaa kwamba mtu haishi kwa mkate pekee. Alipoona makutano nyikani na jua linatua, wanafunzi walitaka awaage waende wakajinunulie chakula vijijini. Yeye akawaambia wanafunzi wawape kula (Mathayo 14:16). Mkate aliojinyima mwenyewe jangwani aliwazidishia wengine nyikani.

Nadhani hapa ndipo mpaka ulipo. Neno gumu la kujinyima mtu anaweza kulisema juu ya sahani yake tu. Akilisema juu ya sahani ya mwenzake linageuka na kuwa ukatili wenye aya ya Biblia. Ndiyo sababu sisi wachungaji, hasa sisi tunaoishi kwa sadaka, inatupasa tuogope tunapotangaza mfungo.

JUMATATU (Mathayo 25:31-46)

Tunalipenda somo hili kwa kuwa tumo ndani yake. Wenye njaa, wageni, wasio na nguo: ni sisi. Tunalisoma na kuwatazama wengine, tukingoja waone Kristo ndani yetu. Ni haki yetu kulisoma hivyo. Lakini siku hiyo nilijiuliza kama mkimbizi anaweza pia kusimama upande wa pili wa somo, upande wa anayeulizwa, "Ulinipa kula?"

Kwetu Kivu, nilipokuwa mtoto, saa ya kula mlango ulikuwa wazi. Aliyepita aliitwa, "Karibu," na aliyeitwa alinawa mikono. Kumpita mtu anayekula bila kukaribishwa ilikuwa aibu ya mwenye nyumba. Hapa tumejifunza desturi nyingine. Saa ya kula mlango unafungwa. Tunasikia vijiko vya majirani lakini hatuwaoni. Mwezi wa Januari tulikuwa tunakula maharagwe, na mtoto wa jirani alikuja akasimama mlangoni. Nilinyamaza, nikawafanyia watoto wangu ishara wanyamaze. Alisimama kidogo, kisha nikasikia miguu yake ikiondoka. Siku iliyofuata nilihubiri.

Sasa, wako watakaonitetea. Watasema: Paulo anafundisha katika 1 Timotheo 5:8 kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Maharagwe yalikuwa kikombe kimoja, watoto ni sita. Ukifungua kwa mmoja watakuja kumi. Ndugu zangu, hoja hiyo si ya uongo, na sitaidharau. Mama anayempa mtoto wake tonge la mwisho hana dhambi, hata kama mtoto wa jirani analia. Mungu hamdai mtu damu ya mwanawe. Ibrahimu alijifunza hilo mlimani.

Wengine watanitajia mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17), aliyempa Eliya mkate wa kwanza kutoka kwenye konzi ya mwisho ya unga. Habari hiyo naiogopa sana inapotoka kinywani mwa mtumishi wa Mungu, kwa maana nimeona ikitumika kuchota unga wa wajane. Someni sura yote. Eliya hakuchukua mkate na kuondoka. Alikaa katika nyumba ile, akala kilekile walichokula, siku nyingi. Mtoto wa mjane alipokufa, Eliya alimbeba mikononi, akampandisha chumbani kwake na kumlilia Mungu. Mwenye kuomba sehemu ya chakula cha maskini na akae pia katika njaa yao.

Kwa hiyo sikuhukumiwa kwa sababu ya maharagwe. Kikombe kile huenda kisingetosha. Nilihukumiwa kwa ile ishara ya kuwanyamazisha watoto. Ningeweza kufungua na kusema, "Mwanangu, ni kidogo, njoo uonje." Ningeweza hata kusema, "Leo hakitoshi, kesho njoo mapema." Lakini nilitaka asijue kwamba tupo. Nilimfanya aondoke kama mtu aliyebisha kwenye nyumba tupu.

JUMANNE (Mathayo 6:7-15)

Katika sala ya Bwana tunaomba riziki yetu ya kila siku. Yetu, si yangu. Ninayeiomba mlango ukiwa umefungwa ninaomba riziki ya jirani pia, hata kama sitaki. Na katika Kutoka sura ya 16, aliyeokota mana nyingi hakuzidishiwa, aliyeokota kidogo hakupungukiwa, na iliyofichwa hadi asubuhi ilioza.

Siku zilezile jirani zetu Waislamu, Wasomali na wengine, walikuwa wameanza Ramadhani. Nikaona kwao jambo la kujifunza. Mgonjwa, msafiri, mjamzito na mama anayenyonyesha wanaruhusiwa kuacha kufunga bila aibu, na jua likitua wanaitana kula. Sisi hatukuwa tumeweka utaratibu wa kwanza, na wa pili tulikuwa tumeusahau.

Basi nawaambia wazi, na yeyote asiwaongezee mzigo: mwenye mimba, anayenyonyesha, mtoto, mzee dhaifu, anayetumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI, na yule ambaye tayari anakula mara moja tu kwa sababu hana, hao wasifunge chakula. Wakipata, wale na wamshukuru Mungu. Wala mtu asiwaambie kwamba imani yao ni ndogo.

JUMATANO (Yona 3)

Ninawi ilifunga yote, hata ng'ombe na kondoo. Watoto hucheka wanaposikia hivyo. Lakini angalieni mfalme. Habari zilipomfikia aliondoka kwenye kiti chake cha enzi, akavua vazi lake, akavaa gunia na kuketi katika majivu, ndipo akatoa amri. Hakutangaza mfungo akiwa kitini. Mimi nilikuwa nimetangaza nikiwa kitini.

Jioni hiyo niliita wazee wa kanisa, nikawaambia habari za mlango na za mzee wa amina. Haikuwa rahisi. Tulikubaliana mambo matatu kwa Kwaresima ile. Kwanza, sadaka ya unga na maharagwe isiletwe kwangu, bali ipikwe. Kila Jumatano baada ya maombi kuwe na sufuria moja nyuma ya kanisa. Mwenye kikombe alete kikombe, mwenye kuni alete kuni, asiye na kitu aje na sahani. Pili, mwenye kushika kadi ya mtu airudishe, na mwenye deni la kibarua alipe kabla ya Pasaka. Tatu, mfungo wa chakula uwe wa wale wenye cha kufunga, nikiwa mimi wa kwanza.

Sitawadanganya kwamba yote yalikwenda vizuri. Kadi mbili zilirudishwa; mwenye ya tatu aliacha kuja kanisani. Wiki moja sufuria ilikuwa na maji mengi kuliko maharagwe. Wako walioanza kuhesabu nani amekuja na sahani tupu mara tatu, na vidole vikataka kunyoshwa tena. Lakini watu walikula wakitazamana usoni, na mtoto wa jirani yangu alikuja kila Jumatano bila kubisha hodi, kwa kuwa nyuma ya kanisa hakuna mlango.

JIBU

Baada ya siku hizo nane nilimfuata mama yule nyumbani kwake. Nilimkuta akichambua mboga za mchicha alizochuma pembeni mwa shamba. Nikamwambia: "Mama, nimechelewa kukujibu. Njaa yako si mfungo, na nilikosea kutangaza kana kwamba ni kitu kimoja. Mungu anaiona na hajaipenda. Lakini uliuliza tufunge nini. Nadhani kila mtu ana kitu anachokishika kwa ngumi, hata aliyenyang'anywa vyote. Hicho sikijui mimi, unakijua wewe."

Alikaa kimya, akaendelea na mboga. Kisha akanionyesha nyumba ya pili kwa kidevu, akasema, "Yule alibaki kategori ya kwanza, mimi nikatolewa. Tangu siku ile sijamsalimu. Naweza kufunga hilo. Nitamsalimu. Lakini, Pasta, usiniambie nifurahi."

Nikamwambia sitamwambia.

Akacheka kidogo, akaongeza, "Na wewe ufunge kuhubiri saa mbili. Watoto wana njaa."

Wapendwa, hili ndilo jibu nililolipata, nami nalitoa kwenu. Mwenye njaa anaweza kufunga, lakini si kwa njaa yake. Njaa yake ni kilio mbele za Mungu na ni deni juu yetu sisi wengine. Mfungo wake ni kile anachokiachia kwa hiari, kidogo kama salamu, naye peke yake ndiye mwenye haki ya kukitaja. Na sisi tulio na sahani, mfungo wetu uanzie mlangoni.

Bwana atupe mkate wetu, na moyo wa kuuita wetu. Amina.

Ni mimi, mchungaji wenu na mkimbizi mwenzenu.